Kutoka Ncha ya Kidole Hadi Ubongoni: Mhadhara Kuhusu Maumivu

Mabibi na mabwana, naomba nianze na jambo ambalo limewahi kumpata kila mmoja wetu. Umeshika mfuniko wa sufuria ukidhani umeshapoa. Mkono unaruka wenyewe, na mfuniko uko sakafuni kabla hujajua kilichotokea. Kisha unahisi mchomo mkali na mfupi, ambao ungeweza kuonyesha mahali ulipo kwa ncha ya kalamu. Halafu, baada ya kitambo kidogo, yanafuata maumivu mengine, mazito, yenye kufukuta, yanayotanda kidole kizima na ambayo hayana haraka ya kuondoka. Ndani ya muda usiozidi sekunde mbili yametokea mambo matatu, na anayeyafuatilia moja baada ya jingine ameshaelewa sehemu kubwa ya yale niliyokuja kuyaeleza.

Tuanzie ngozini. Humo, na pia katika misuli, viungo na sehemu nyingi za ndani ya mwili, kuna ncha za neva zisizoshughulika na mguso wa kawaida. Mwingereza Charles Sherrington alizipa jina mwaka 1906 akitumia neno la Kilatini lenye maana ya kudhuru, na kwa matamshi yetu tunaweza kuziita nosiseptori. Kazi yake ni kunyamaza mpaka kitu kifikie kiwango cha kutishia kuharibu mwili: joto kali, mgandamizo mkubwa, mkato, au kemikali fulani. Ubongo wenyewe, ajabu, hauna ncha hizo, na ndiyo sababu daktari wa upasuaji anaweza kuufanyia kazi mgonjwa akiwa macho na anazungumza, maadamu ngozi ya kichwa imetiwa ganzi.

Je, ncha ya neva inajuaje kwamba kitu ni cha moto? Jibu lilipatikana mwaka 1997, na lilipatikana kwa msaada wa pilipili. David Julius na wenzake, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko San Francisco, walikuwa wakitafuta kitu gani ndani ya neva kinachoitikia ile kemikali ya pilipili iitwayo kapsaisini. Walichokuta ni protini iliyo kama kijilango katika ukuta wa seli, iitwayo TRPV1, na walipoipima wakaona kwamba kijilango hicho hicho hufunguka pia kwa joto linalokaribia nyuzi 43 za Selsiasi, yaani pale pale ambapo joto linaacha kuwa la kufurahisha na kuanza kuumiza. Kwa mwili, basi, pilipili na moto hupiga hodi mlango mmoja. Lugha yetu ilikuwa imeshalisema jambo hili zamani, kwani tunasema pilipili inawasha, na neno hilo ndilo tunalolitumia kwa moto. Mwaka 2021 Julius alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua vijilango vinavyoitikia mgandamizo.

Kijilango kikifunguka, chembe zenye chaji ya umeme huingia ndani ya neva, na zikitosha, vijilango vingine, vya sodiamu, hufunguka kwa mfuatano kama watu wanaopokezana ndoo, hata ishara ikasafiri urefu wote wa neva. Sindano ya ganzi anayokuchoma daktari wa meno huziba vijilango hivi vya sodiamu. Jino linaendelea kuchimbwa, lakini habari zake hazisafiri.

Kimoja kati ya vijilango hivyo kinaitwa Nav1.7, na umuhimu wake ulidhihirika mwaka 2006, watafiti walipochunguza watoto wa koo tatu za kaskazini mwa Pakistan ambao hawakuwahi kuhisi maumivu hata siku moja. Aliyewafanya watafiti waanze uchunguzi alikuwa mvulana wa miaka 10 aliyekuwa akitumbuiza barabarani kwa kujichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa ya moto. Alifariki kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa la nyumba. Wenzake walikutwa na majeraha ya midomo na ndimi walizojing'ata walipokuwa wadogo, na mifupa iliyovunjika bila mtu kujua. Jeni inayotengeneza Nav1.7 ilikuwa na hitilafu. Kila ninapowafikiria watoto hao, huacha kuyatazama maumivu kama adui tu.

Sasa turudi kwenye mfuniko wetu. Kwa nini maumivu yalikuja mara mbili? Kwa sababu ishara hupita katika nyuzi za aina mbili. Za kwanza zimevikwa utando mwembamba wa mafuta uitwao mayelini, na hupeleka ishara kwa kasi ya takriban mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Za pili ni nyembamba mno, hazina utando huo, na kasi yake ni kati ya nusu mita na mita 2 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Piga hesabu mwenyewe: kutoka kidoleni hadi shingoni ni kiasi cha mita moja, kwa hiyo ishara ya nyuzi za haraka hufika katika sehemu ndogo sana ya sekunde, na ile ya nyuzi za polepole huchukua sekunde nzima. Kwa kidole cha mguu tofauti ni kubwa zaidi. Safari nyingine ukijikwaa, sikiliza kwa makini, maana utayasikia maumivu ya pili yakija wakati ya kwanza yameshapita.

Nyuzi zote hizo huishia katika ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo. Hapo kila uzi hukabidhi habari zake kwa neva nyingine kwa njia ya kemikali, hasa glutameti, ikisaidiwa na kemikali iitwayo dutu P. Tawi moja la habari hizo huamuru misuli hapo hapo bila kungoja ubongo, na hilo ndilo lililourusha mkono wako. Tawi jingine huvuka kwenda upande wa pili wa ugwe na kupanda juu.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba huko kupanda ni jambo la moja kwa moja. Mfaransa Descartes, katika maandishi yaliyochapishwa baada ya kifo chake katika karne ya 17, aliufananisha uzi wa maumivu na kamba ya kengele: ukivuta chini, kengele inalia juu, na kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo inavyolia. Picha hiyo ni nzuri na ni rahisi kuikumbuka, lakini imeleta madhara mengi, kwa maana inamfanya daktari aamini kwamba pasipo na jeraha hapawezi kuwa na maumivu.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia iliyoivunja picha hiyo. Walisema kwamba katika ugwe wa mgongo kuna kitu kama lango, na kwamba habari za mguso wa kawaida, ambazo hupita katika nyuzi nene na za haraka zaidi, zinaweza kulisukuma lango hilo lijifunge. Baadhi ya maelezo yao ya ndani yamerekebishwa tangu wakati huo, lakini wazo lenyewe limesimama. Mtoto akianguka na kuumia goti, mama yake hulisugua bila kufundishwa na mtu. Kule kusugua ni tiba kweli: nyuzi za mguso huamsha neva ndogo ndani ya ugwe ambazo huzinyamazisha zile zinazobeba maumivu.

Kutoka hapo ishara hufika katika thalamasi, katikati ya ubongo, na kusambazwa. Sehemu moja hupima mahali na ukali, nyingine hupima ubaya wake, yaani ile hali ya kutaka jambo hili likome, na nyingine hulinganisha na kumbukumbu na hofu. Hakuna chumba kimoja ubongoni kinachoitwa chumba cha maumivu. Tena ubongo huweza kukosea anwani: neva za moyo na za mkono wa kushoto huingia katika sehemu zinazokaribiana za ugwe, na ndiyo sababu mtu mwenye shambulio la moyo anaweza kulalamika mkono.

Jambo ninalotaka tulikalie kidogo ni kwamba kuna njia inayoshuka pia. Ubongo hautulii tu kupokea, bali hutuma amri chini za kufungua lango au kulifunga. Katika Vita Kuu ya Pili, daktari Mmarekani Henry Beecher aliwahoji askari 215 waliojeruhiwa vibaya, waliovunjika mifupa na kupasuliwa kifua au tumbo, akakuta kwamba robo tatu yao hawakuhitaji dawa ya maumivu. Hawakuwa mahututi wala hawakuwa wamepungukiwa na akili, na mtu akiwachoma sindano vibaya walilalamika kama mwingine yeyote. Mwaka 1969 ikaonekana kwamba ukiliamsha kwa umeme mdogo eneo fulani la shina la ubongo wa panya, unaweza kumpasua tumbo bila dawa ya usingizi naye asioneshe dalili ya maumivu.

Eneo hilo lilikuwa linatumia nini? Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, kule Aberdeen, walitangaza kwamba wamepata ndani ya ubongo kemikali zinazofanya kazi kama mofini, ile dawa kali ya maumivu itokayo katika afyuni, wakaziita enkefalini. Mmea wa afyuni, kumbe, ulikuwa na ufunguo unaoingia katika kufuli ambalo mwili ulijitengenezea wenyewe. Miaka mitatu baadaye watafiti waliwapa wagonjwa waliong'olewa meno maji matupu, nao waliokuwa wakiamini wamepewa dawa wakapata nafuu. Walipodungwa naloksoni, ambayo huziba vipokezi vya mofini, nafuu ile kwa wengi iliondoka. Mtu akisema kwamba nafuu ya namna hiyo ni ya kujidanganya, mkumbusheni jaribio hili. Imani ilikuwa imefungua ghala la dawa halisi mwilini.

Njia hiyo hiyo inaweza kuongeza maumivu badala ya kuyapunguza, na hapa Kiswahili kinatupa neno ambalo lugha nyingi hazina. Tunasema kutonesha, yaani kugusa kidonda kilichopo hata kikauma kuliko kilivyostahili kuuma kwa mguso ule. Kutoneka kunatokana na mambo mawili. La kwanza liko kidondani: seli zilizojeruhiwa humwaga kemikali, zikiwemo prostaglandini, ambazo hushusha kiwango kinachotosha kuziamsha nosiseptori, hata maji ya uvuguvugu yakachoma. John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini. La pili liko katika ugwe: Clifford Woolf alionyesha mwaka 1983 kwamba neva za humo, zikipigwa na ishara mfululizo, hubadilika zenyewe na kuanza kupaza sauti ya kila kinachopita, hata mguso wa shuka.

Kwa kawaida hali hiyo huisha kidonda kinapopona. Kwa watu wengine haiishi. Jeraha limefunga, picha za eksirei ni safi, na ugwe bado unapaza sauti. Kuna waliokatwa mguu na wanaohisi vidole visivyokuwepo vikibanwa. Watu hawa nimewaona wakiambiwa hawana kitu, wakirudi nyumbani wakiwa na maumivu yale yale na juu yake aibu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu, kilipoandika upya maana ya maumivu mwaka 2020, kiliweka wazi kwamba maelezo ya mtu kuhusu maumivu yake yaheshimiwe.

Ndiyo maana pia aspirini haimsaidii sana mtu wa namna hii: inafanya kazi kidondani, na kidonda hakipo. Daktari anayeelewa anaweza kumwandikia amitriptilini. Mgonjwa anafika nyumbani, anasoma karatasi iliyomo kwenye pakiti, anakuta imeandikwa kwamba ni dawa ya sonona, anaifungia kabatini kwa hasira akisema, "Kumbe wameniona nina wazimu." Laiti angeelezwa kwa dakika mbili tu. Dawa hiyo huongeza serotonini na noradrenalini, ambazo ni kemikali zinazotumiwa na ile njia ya kushuka kutoka ubongoni, na kwa maumivu kwa kawaida hutolewa kwa kipimo kidogo kuliko kile cha sonona. Huanza kwa kidonge kidogo usiku, na huchukua siku kadhaa au hata wiki kabla ya kuonyesha kazi yake, kwa kuwa lango lililokaa wazi kwa miaka halifungwi kwa usiku mmoja.