Mnunuzi Asiingie Jikoni Bila Karatasi
(Mazungumzo na akina mama wasindikaji wa mabibo, Mikindani, Mtwara)

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu, poleni na kazi. Leo tuseme jinsi ya kukodisha mapishi yenu kwa kampuni bila kuibiwa.

Shangazi yangu alikuwa anapika jamu ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, isiyo na ukakasi hata chembe. Akaja mnunuzi, akaonja, akasifu, akauliza: "Mama, ukakasi unautoaje?" Shangazi, na ukarimu wetu huu wa Kusini, akamkaribisha jikoni. Akamwonyesha chumvi anayotia, muda wa kuloweka, na lini anapunguza moto. Bwana yule akaondoka na chupa mbili na maelezo yote. Hakurudi. Msimu uliofuata tukaikuta jamu ile dukani, ina jina jingine. Tungemshitaki kwa lipi? Alipewa kwa mkono wa kulia.

Wengi mnaniuliza habari ya hataza, yaani cheti cha serikali cha kumiliki ubunifu (patent). Mapishi kupata hataza ni kazi: lazima yawe mapya, na yasiwe jambo ambalo fundi yeyote wa jamu angelibuni. Hata ukiipata, maelezo yako yanaanikwa hadharani, na ikishapita miaka 20 anapika anayetaka. Badala yake, peleka jina la bidhaa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, lisajiliwe kama alama ya biashara. Mapishi yabaki siri. Coca-Cola ni ya mwaka 1886, na hadi leo wanaringia siri, si hataza.

Ila siri ina masharti. Mkataba wa kimataifa wa haki za ubunifu, TRIPS, kifungu cha 39, unataka mambo matatu: wenzako wa kazi wasiijue, iwe na thamani kwa sababu hawaijui, na wewe uwe umehangaika kuificha. Uraka, ile pombe ya mabibo, ambao huku kila kijiji wanajua kuukamua na kuuchachusha, hauna siri ya kukodisha. Kipimo chako cha chumvi na saa zako za kuloweka, hizo ni mali. Lebo itataja viungo, hilo halikwepeki, lakini haitaji vipimo wala hatua. Na kampuni ikinunua chupa yako dukani ikaichambua yenyewe maabara mpaka ikajua, hapo huna kesi.

Kwa hiyo wanunuzi waonje kwanza. Wakipenda, wasaini karatasi ya kutunza siri. Jikoni baadaye.

Kukodisha si kuuza: mapishi yanabaki yako, wao wanakulipa mrabaha kwa kila chupa. Sasa siri ikivuja je? Huko Marekani, mwaka 1881, mfanyabiashara Lambert alikubali kumlipa Dakta Lawrence, yeye na warithi wake, kwa siri ya dawa ya Listerine (ya kusukutua mdomo, si jamu, mnisamehe). Siri ikaja kuvuja, ikachapishwa. Kampuni ya Lambert ikaona sasa inalipia nini? Mwaka 1959 mahakama ya New York ikaiambia: mlikubaliana kulipa kwa kila mnachouza, hamkusema siri ikivuja mtaacha. Lipeni. Neno moja kwenye karatasi lilibeba miaka sabini na ushei.

Na mtaje kiasi cha chini cha kila mwaka, wauze wasiuze. Wapo wanaokodi mapishi ili kuyafungia kabatini, yasishindane na jamu yao, na wewe umeshasaini kwamba humpi mwingine. Andikeni: mabibo ya msimu ujao yakianza kuanguka na hela haijaingia, mkataba umekufa, na mama anawasha jiko lake.