Boti la Mjomba na Mizani ya Bafuni: Tunapima Tela Kabla ya Pangani

Assalaam alaikum wana Tanga, na nyie wa Pangani na Muheza mnaonifuata, habari zenu. Leo siko Houston, niko nyumbani, Sahare, uani kwa mjomba. Hili nyuma yangu ni boti lake la faiba, limeshapandishwa kwenye tela. Keshokutwa linakwenda Pangani, kilomita 50 hivi, na gari la kulivuta ni hii Hilux ya milango minne. Sasa asubuhi vijana wawili wameshika mkono wa tela, ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari, wakaunyanyua, mmoja akasema: "Safi kabisa, jepesi, limekaa sawa."

Yakhe, hapo ndipo nilipowasha kamera.

Tela ambalo mkono wake unanyanyuka kirahisi ndilo la kuogopa. Wepesi ule maana yake mzigo mwingi mno umekaa nyuma ya ekseli. Likiwa limesimama hapa uani halina neno, limetulia. Lifikishe kilomita 70 au 80 kwa saa, upepo wa lori ulipige ubavuni au dereva akwepe shimo, linaanza kuyumba mkia, kushoto, kulia, na kila likiyumba linazidisha. Pikapu nyepesi haina ubavu wa kulizuia. Nyuma ya gari inavutwa huku na huku mpaka usukani unakuwa pambo.

Kwa hiyo tunataka uzito fulani ukalie ile boli ya kuvutia nyuma ya gari. Kiasi gani? Kule Marekani ninakovuta tela kwenye kazi zangu, kawaida ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela pamoja na mzigo wake wote. Waingereza na matela yao ya kulala wanatumia asilimia 5 hadi 7, lakini wao wakivuta tela sheria inawazuia kupita maili 60 kwa saa hata kwenye barabara kuu, na magari yao mengi boli yake hairuhusiwi kubeba zaidi ya kilo 75 au 100. Mimi kwa boti lenye mashine imening'inia tezini, yaani nyuma ya boti, siridhiki chini ya 10. Kitabu cha tela lako kikisema vingine, fuata kitabu.

Jana tulilipitisha tela kwenye mizani ya godauni, boti na kila kitu juu yake: kilo 900. Basi tunatafuta kilo 90 mpaka 135.

Njoo na kamera huku chini. Hii ni mizani ya bafuni, ile ya kujipimia mwili. Tela dogo unaweka mkono wake juu ya mizani moja kwa moja, umemaliza. Likiwa zito utaivunja, kwa hiyo tunatumia ubao. Huu ni wa mbili kwa sita. Upande huu ubao umelalia kipande cha bomba juu ya tofali. Upande wa pili umelalia kipande kingine cha bomba juu ya mizani. Kutoka bomba hadi bomba ni sentimita 90. Mkono wa tela unakaa sentimita 30 kutoka kwenye tofali, na zinabaki 60 kufika kwenye mizani. Kwa mpango huo mizani inabeba theluthi moja tu. Unachosoma unazidisha kwa tatu. Ila kabla hujashusha tela, soma uzito wa ubao wenyewe ukiwa juu ya mizani, uutoe baadaye.

Mambo mawili msiyapuuze. Matairi ya tela yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma, mahali tambarare, maana hapa tela halijafungwa na gari. La pili, mkono uwe kwenye kimo kilekile utakachokuwa nacho ukiwa kwenye boli. Ndiyo maana mnaona nimepanga matofali chini ya mizani. Ukipima mkono umeinama, namba inabadilika.

Haya, shusha jeki taratibu. Taratibu, Mjomba! Iachie kabisa, jeki isiguse chini. Inasoma... 18, uzito wa ubao nimeshautoa. Mara tatu, 54. Kilo 54 kwa tela la kilo 900, hiyo ni asilimia 6. Mnaona ule wepesi wa asubuhi?

Sababu iko wazi ukiangalia tezi. Kuna mashine pale, kuna dumu za petroli lita 60, ambazo ni kama kilo 44, na mtu ameziweka hukohuko nyuma kwa sababu ndiko mashine iliko. Tunazihamishia omo, mbele ya boti. Halafu tunalegeza boliti za U za nguzo ya winchi, ile inayozuia pua ya boti, tunaisogeza mbele, na boti linafuata kama sentimita 15. Msidharau sentimita hizo. Boti lenyewe ni kilo 650 hivi, likisogea kidogo tu namba inaruka. Na uzuri ni kwamba likisogea mbele, tezi yenye mashine inakalia mbao za tela vizuri zaidi.

Tumesogeza, tumekaza, dumu zimefungwa kamba. Shusha tena. 35. Mara tatu, 105. Karibu asilimia 12. Hapo sawa.

Mjomba anauliza kwa nini tusiongeze tu mpaka 200 tuwe na amani. Fikiria mtu wa mzegazega, mti begani na mzigo mbele na nyuma: akizidisha mzigo wa nyuma, wa mbele unapaa. Boli iko nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari kama mita 1.2, na Hilux hii kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 3 na kidogo. Kwa hiyo kilo 105 pale kwenye boli zinakuwa karibu 146 kwenye matairi ya nyuma, na ya mbele yanapungukiwa kama 41. Ya mbele ndiyo yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ya breki. Halafu uzito huo unahesabika ndani ya mzigo wa gari. Vijana wanne mkishapanda bodi na nyavu na jiko la mkaa, mmekula nafasi yake. Someni kibandiko cha boli na kitabu cha gari.

Wenye mizani ya magari karibu wana njia nyingine. Pima pikapu peke yake, kisha lifunge tela, uipandishe tena pikapu matairi ya tela yakiwa nje ya mizani. Tofauti ndiyo uzito wa boli. Kule Houston nafanya hivyo kwenye vituo vya malori.

Na likianza kuyumba njiani, usikanyage breki kwa nguvu, usiongeze mafuta, usipigane na usukani. Ondoa mguu, shika usukani umenyooka, acha gari lipungue lenyewe. Ukishasimama panga mzigo upya.

Kitu cha mwisho, na Mjomba nakuambia mbele ya watu: tumepima boti likiwa hivi. Siku mtakayotoka Pangani na kasha la barafu na samaki, kasha hilo haliendi tezini. Na mizani hii naiacha hapa, shangazi asiirudishe chumbani.