Vidonge vya saa kumi na mbili: mwenye figo ya kupandikizwa anapokwenda kupasuliwa

(Mhadhara kwa wagonjwa wa figo na jamaa zao, Tanga)

Assalaam aleykum, na hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kuja na joto hili. Feni ya kule nyuma naona imeshakata tamaa.

Nianze na mzee mmoja wa hapa hapa mjini. Alipandikizwa figo, akapata nguvu, akarudi dukani kwake. Baadaye ngiri ikamsumbua. Akapangiwa kupasuliwa Jumanne, akaambiwa kuanzia usiku asitie kitu mdomoni. Mzee wa watu, mtiifu, hakutia kitu, hata vidonge vyake. Umeme ukakatika, upasuaji ukasogezwa Jumatano, naye akaendelea kufunga. Nilipofika kitandani kwake alikuwa amekosa dozi tatu, na kikopo cha dawa kimo mfukoni mwa kanzu. "Si mmesema nisile?" Nikakosa la kumjibu. Kosa lilikuwa letu.

Tangu Muhimbili waanze kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma mwaka 2018, watu hawa wanarudi mikoani, wanaishi, na wanaugua kama sisi: ngiri, busha, uzazi, ajali ya bodaboda. Ndipo wanapokutana na kisu ambacho hakihusiani kabisa na figo yao.

Kinga ya mwili haina shukrani. Figo hata itoke kwa ndugu wa tumbo moja, kwake ni mvamizi. Upandikizaji wa kwanza kufanikiwa, Boston mwaka 1954, ulikuwa kati ya mapacha wa kufanana, ndiyo maana mwili haukushtuka. Wengine wote hutegemea dawa za kutuliza kinga hiyo. Mojawapo, takrolimasi, kwa kawaida humezwa kila baada ya saa kumi na mbili, na hapa saa yetu ya Kiswahili imetufaa: kumi na mbili asubuhi, kumi na mbili jioni. Asubuhi ya upasuaji, muulize mtu wa nusu kaputi kuhusu kidonge hicho. Funda moja la maji kwa kawaida analiruhusu.

Sasa shika tumbo lako, chini kulia. Hapo ndipo figo mpya huwekwa mara nyingi, jirani na kidole tumbo. Zile za zamani kwa kawaida huachwa mahali pake, kwa hiyo mtu anatembea na figo tatu! Daktari asiyejua anapasua ngiri ya upande huo huku mrija wa mkojo wa figo mpya uko karibu na kisu chake. Na kidole tumbo kikioza, prednisoloni, dawa nyingine ya kutuliza kinga, huficha dalili: homa haipandi, tumbo halikazi, mgonjwa anasema "naumwa kidogo tu" kumbe ndani kumeshapasuka. Mimi mgonjwa wa namna hii akisema kidogo, huwa sikai.

Prednisoloni ya muda mrefu ina jingine: tezi ndogo zilizo juu ya figo za asili hulala, zikaacha kutengeneza homoni ya namna hiyo. Presha inaweza kuporomoka mezani, hivyo huenda akahitaji kuongezewa dozi siku hiyo. Kidonda nacho hupona polepole, nyuzi zisitolewe kwa haraka.

Baada ya upasuaji ndipo ninapogombana na wenzangu. Sindano ya diklofenaki ya kutuliza maumivu, tunayoitoa kama peremende, hubana damu inayokwenda kwenye figo. Erithromaisini, dawa ya kuua bakteria, hupandisha kiwango cha takrolimasi kwenye damu mpaka ikawa sumu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha mpaka mwili ukaanza kuikataa figo. Hata balungi huipandisha takrolimasi. Machungwa ya Muheza kuleni bila wasiwasi.

Na ule mkono wenye mshipa uliotumika kusafishia damu, usifungwe kipimo cha presha wala usichomwe dripu.

Naona mkono pale. Mama anauliza: kung'oa jino je? Nalo ni kupasuliwa, mama. Mwambie daktari wa meno kabla hujafungua mdomo. Akikuandikia ibuprofeni, ndugu yake diklofenaki, mrudishie karatasi, umwombe paracetamol.