Mtazameni Anayesikiliza

Kila nikizungumzia sinema za Yesu, mtu ataniletea habari ya macho ya Robert Powell. Ni ya buluu, kope hazipepesi! Nayajua macho hayo. Katika "Jesus of Nazareth" ya Franco Zeffirelli, ya 1977, Powell ndiye Yesu, na karibu hapepesi kabisa. Lakini hiyo ni mbinu tu. Mnayemsahau ni James Farentino, aliyeigiza Petro.

Twendeni nyumbani kwa Mathayo mtoza ushuru. Petro hataki hata kumwona. Kodi zake zimemkamua vya kutosha. Yesu ameingia kula na wenye dhambi, Petro kagoma. Ndani, Powell anaanza kisa cha mwana mpotevu, taratibu, kama msimuliaji aliyeketi na wenzake, bila makeke ya mimbari. Petro yuko mlangoni. Hapo mwacheni Yesu, mtazameni Farentino. Hasemi neno! Kaja na hasira zake, anasikiliza kwa shingo upande, kisha kisa kinafika kwa yule kaka mkubwa aliyekataa kuingia karamuni. Uso unamshuka. Kaka mkubwa ni yeye, na mlango aliosimamia ndio ule ule wa kwenye kisa. Mpaka anapoingia kupatana na Mathayo, kazi nzima imeshafanywa na uso. Kisa chenyewe tunakijua kwa moyo tangu utotoni, ila hapa tunakisikia kwa masikio ya Petro.

Naona mkono umeinuliwa, na swali nalijua: "Kwani Yesu si ndiye mhusika mkuu?" Ndiye, na hapo ndipo penye kazi! Mhusika asiyekosea, asiye na la kujutia, ambaye mwisho wake kila mtazamaji anaujua, mwigizaji atambadilisha wapi? Wanaobadilika ni walio karibu naye. William Wyler alilielewa hilo katika "Ben-Hur" ya 1959. Claude Heater aliigiza Yesu na uso wake hatuuoni. Kisimani, askari wa Kirumi amekataza mfungwa asipewe maji, Yesu anampa. Askari anamjia juu, Yesu anasimama, anamtazama. Sisi tunaona kisogo cha Yesu na uso wa askari: ukali unamwishia, anageuka, anaangalia tena, hajui aende wapi. Pale kisimani, askari yule ndiye aliyetuonyesha Yesu.

Na msiniambie Jim Caviezel, Yesu wa "The Passion of the Christ" ya 2004, aliteguka bega. Pole yake, lakini kuteguka si kuigiza. Katika filamu hiyo hiyo mtazameni Maia Morgenstern, Mariamu, anapomkimbilia mwanawe aliyeanguka na msalaba.

Naonyeshwa saa. Basi katika ile ya Zeffirelli, Pilato wa Rod Steiger namruka, na Anne Bancroft, Maria Magdalena, ambaye peke yake anastahili mhadhara. Namruka hata Pier Paolo Pasolini na filamu yake ya Injili ya Mathayo, ya 1964: kwa Yesu alimchukua mwanafunzi, Enrique Irazoqui, na kwa Mariamu wa uzeeni akamweka mama yake mwenyewe, Susanna. Maswali sasa, ila la macho sijibu.