Mzee Aliyejisafirisha Mwenyewe: Filamu za Friðrik Þór Friðriksson

Wazee wangu, ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Kabla hatujazima taa tutazame filamu ya leo, nimepewa nafasi niseme habari za mtu aliyeitengeneza. Nitaanza na jina lake, maana najua mmeliona mlangoni mkaguna.

Anaitwa Friðrik Þór Friðriksson, mwongozaji wa filamu kutoka Iceland. Herufi ile yenye mkia uliokatwa itamkeni kama dh ya "dhahabu", na ile inayofungua Þór kama th ya "thelathini". Mswahili halimshindi jina hilo hata kidogo. Hilo la mwisho maana yake ni mwana wa Friðrik, kama vile pwani yetu tusemavyo fulani bin fulani. Watu wengi wa Iceland hawana jina la ukoo. Mtu anaitwa kwa jina lake mwenyewe, na lile la pili linasema tu ni mtoto wa nani. Hata kitabu chao cha simu kilipangwa kwa majina ya kwanza. Kwa hiyo nasi tumwite Friðrik, na hatutakuwa tumemvunjia heshima.

Mtoto wa nani. Nawaomba mlishike neno hilo, kwa sababu kila nikizitazama filamu za Friðrik naona anarudi palepale: mtoto ana deni kwa waliomzaa, na deni lenyewe linalipwa makaburini.

Alizaliwa Reykjavík, mji mkuu, mwaka 1954, miaka kumi tu baada ya Iceland kuwa jamhuri. Alipokuwa kijana, nchi yake haikuwa na sinema ya kuzungumzia. Watu walikuwa wakienda sinema, tena sana, lakini walichotazama kilitoka Marekani na Denmark. Mfuko wa taifa wa kusaidia filamu ulianza kazi mwaka 1979, na ndipo vijana kama yeye walipopata mlango. Tukumbuke kwamba tunazungumzia nchi ambayo wakati huo ilikuwa na watu wasiotimia laki mbili na nusu. Filamu ikitazamwa na nchi nzima bado inaweza kumwacha mtengenezaji na madeni.

Moja ya kazi zake za mwanzo iliwakera watu. Iceland wana masimulizi ya kale ya karne ya 13 wanayoyathamini kuliko dhahabu, na lililo kubwa kuliko yote ni lile la Njáll, mzee mwenye hekima aliyechomewa nyumba na maadui zake. Friðrik akatoa filamu fupi yenye jina la masimulizi hayo. Watu wakatarajia mapanga na farasi. Alichowaonyesha ni kitabu chenyewe kikiungua, ukurasa kwa ukurasa, mpaka kikaisha. Wapo walioona ni utovu wa adabu. Mimi naona alikuwa anajifunza kutazama kitu kikipotea bila kugeuza uso, na ufundi huo ndio aliokuja kuutumia baadaye kwa binadamu.

Mwaka 1982 akatoa filamu ya kumbukumbu kuhusu vijana wa muziki wa roki mjini Reykjavík. Ndani yake yumo msichana mwembamba anayeimba kwa nguvu zote, Björk, kabla dunia haijamjua. Mwaka 1985 akafunga kamera ndani ya gari akaizunguka nchi yote kwa barabara kuu, akatuonyesha safari nzima kwa mwendo wa mbio. Mnakaa, mnatazama barabara inakuja. Hakuna kingine. Mwaka 1987 akatoa filamu yake ya kwanza ndefu ya hadithi, wavua nyangumi wawili wanaoshuka bandarini na kuharibikiwa mjini. Hizo nazipita haraka, si kwa kuzidharau, bali nataka muda ubaki kwa ile iliyotuleta hapa.

Inaitwa Börn náttúrunnar, yaani "Watoto wa Maumbile". Ni ya mwaka 1991. Ameiandika pamoja na Einar Már Guðmundsson, mwandishi wa riwaya na mashairi.

Mzee Þorgeir anaishi peke yake shambani. Nguvu zimemwisha, anafunga nyumba aende mjini kwa binti yake. Sasa sikilizeni anavyotuonyesha jambo hilo. Kwa dakika kadhaa za mwanzo hakuna anayesema neno. Mzee anazunguka, anashika hiki, anaacha kile. Kuna mbwa wake, naye amezeeka. Mzee anachukua bunduki.

Mimi mara ya kwanza niliitazama na bibi yangu, mzaa mama. Bibi Kiingereza hakijui, na maandishi ya chini ya picha hayakumsaidia kitu. Nilikuwa nimejiandaa kumtafsiria. Lakini sehemu ile hakuhitaji mkalimani. Mzee alipomaliza na mbwa, bibi akasema taratibu, "Huyu harudi." Nikanyamaza. Mtu akiuza mbuzi bado ana mpango wa kurudi. Akimuua mbwa wake kwa mkono wake mwenyewe, amefunga hesabu. Bibi aliijua lugha ile kuliko mimi.

Kwa binti mambo hayaendi. Friðrik hakumfanya binti huyo kuwa mtu mbaya, na hapo ndipo namheshimu. Nyumba ni ya ghorofa, vyumba vidogo, mjukuu anataka muziki wake, mkwe ana uchovu wake. Mzee amekaa kwenye kochi la watu. Hakuna aliyemtukana, ila kila akinyanyuka anamziba mtu. Mwisho anapelekwa kwenye nyumba ya wazee. Huko anakutana na Stella, mama mtu mzima mwenye ulimi mkali ambaye wauguzi hawamuwezi. Kumbe walikua pamoja. Wametoka pwani moja.

Pwani yenyewe ni Hornstrandir, kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya Iceland. Ni mahali pa kweli. Watu waliishi huko kwa kuvua, kufuga kondoo na kushuka kwenye majabali kuchukua mayai ya ndege wa baharini. Barabara haikufika, na mpaka leo haijafika. Watu wakaanza kuondoka, familia moja baada ya nyingine, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 pakabaki patupu. Mwaka 1975 serikali ikapafanya hifadhi. Nyumba kadhaa bado zimesimama, na wajukuu wa wenyewe huenda kwa mashua kiangazi wakazipaka rangi. Kijiji kiko, watu hakuna.

Stella anataka kuzikwa huko. Si zaidi ya hapo. Basi Þorgeir anatoa fedha zake benki, wananunua viatu vipya vya raba, wote wawili, wanaiba jipu, wanaondoka.

Hapa naomba nisimame kidogo. Sisi tunajua safari ya namna hii. Mtu akifia mjini tunakaa kikao, mwenye kiti anafungua daftari, tunachangishana, tunakodi gari, maiti inasafirishwa usiku kucha mpaka kwao. Jasho letu lote hilo ni ili mtu alale na wake. Þorgeir na Stella hawana kikao. Hawana wa kuwachangia. Wamejisafirisha wenyewe, wakiwa hai, kwa gari la wizi, na mzee ndiye dereva. Nikiifikiria hivyo naiona filamu hii kuwa ya ushujaa mkubwa kuliko nyingi zenye mabunduki.

Polisi wanawatafuta. Na hapa Friðrik anafanya jambo ambalo mtengenezaji mwoga asingelithubutu: wanakaribia kukamatwa, na jipu linatoweka. Haelezi. Hakuna mtu anayeshangaa kwa muda mrefu. Iceland ni nchi ya watu wanaosimulia habari za mizuka na viumbe wa kwenye majabali bila kupandisha sauti, nasi pia tunao wazee wanaosimulia hivyo, kwa hiyo hatutapata taabu.

Nitawaambia kwa nini nilitaja kile kitabu kilichoungua. Katika masimulizi yale, nyumba ya Njáll ilipowashwa moto, maadui walimruhusu yeye na mkewe Bergþóra watoke salama. Bergþóra akakataa. Alisema aliozwa kwa Njáll akiwa msichana mdogo, na alimwahidi kwamba litakalowapata litawapata pamoja. Wakalala kitandani, mjukuu wao katikati, wakafunikwa ngozi ya ng'ombe. Wazee wawili wanaochagua pa kulala. Friðrik alikichoma kitabu kile, na miaka kumi hivi baadaye akakitengeneza upya kwa jipu na raba. Sijui kama yeye angekubali nikimwambia hivyo, lakini mimi nimeshindwa kuyatenganisha.

Filamu hiyo iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, ikiwa ya kwanza kutoka Iceland, na tuzo yenyewe mwaka 1992 ikaenda kwa Waitalia. Muziki wake, wa Hilmar Örn Hilmarsson, ulipewa tuzo ya filamu ya Ulaya. Usikilizeni, haulii kwa niaba yenu.

Miaka minne baada ya filamu hiyo deni likarudi kwa sura nyingine, katika Á köldum klaka ya mwaka 1995. Safari hii mtoto ni Mjapani, Hirata, mfanyakazi wa kampuni ya samaki jijini Tokyo. Amejipangia likizo Hawaii akacheze gofu. Babu yake anamkumbusha kwamba wazazi wake walikufa maji Iceland miaka saba iliyopita, na hakuna aliyekwenda kuwafanyia ibada yao. Babu huyo ameigizwa na Seijun Suzuki, mwongozaji mkongwe wa Japani. Tokyo picha ni nyembamba, kama mtu anayetazama kupitia dirisha la choo. Hirata akifika Iceland, picha inapanuka mpaka ukingo wa pazia. Theluji pande zote. Ananunua gari jekundu kuukuu la Citroën, redio yake ina ukaidi wake, na anaenda hivyo mpaka kwenye mto. Anapofika anawasha mishumaa, anaielekeza majini kwa wazazi wake. Mikono inatetemeka kwa baridi. Hasemi hotuba.

Filamu ya mwaka 2000, Englar alheimsins, imetokana na riwaya ya yuleyule Einar Már. Inamhusu Páll, kijana aliyepatwa na maradhi ya akili akaishia Kleppur, hospitali iliyo kando ya bahari Reykjavík. Nitasimulia tukio moja tu. Wagonjwa wanapewa ruhusa ya kutoka. Wanavaa suti, wanaingia mgahawa wa hoteli kubwa, wanaagiza vya ghali, wanakula kwa utulivu na adabu zote za mezani. Bili inakuja. Wanamwambia mhudumu kwamba wote ni wagonjwa wa Kleppur, na wanamwomba tafadhali awapigie simu polisi. Watu hucheka hapo, na wana haki. Ila tazameni uso wa Páll, aliyeigizwa na Ingvar E. Sigurðsson. Kwa muda wa mlo mmoja watu walimhudumia kama mtu.

Halafu ikaja Mamma Gógó, ya mwaka 2010, na hapo Friðrik akajishitaki mwenyewe. Mhusika ni mwongozaji wa filamu. Ametoka kuzindua filamu kuhusu wazee wawili, na haina watazamaji. Benki inamdai. Wakati huohuo mama yake anaanza kusahau. Maji yanafurika, moto unaachwa jikoni. Ni ugonjwa wa Alzheimer. Na yeye, mtu aliyewafanya watu watokwe na machozi kwa ajili ya mzee aliyepelekwa kwenye nyumba ya wazee, anampeleka mama yake mzazi kwenye nyumba ya wazee.

Mama ameigizwa na Kristbjörg Kjeld. Mumewe, aliyekwisha kufa, anamtembelea, na ameigizwa na Gunnar Eyjólfsson. Sasa, hao wawili mwaka 1962 waliwahi kuigiza wapenzi katika filamu ya dereva wa teksi wa Reykjavík. Friðrik alikwenda akazichukua picha zile za zamani akazifanya kumbukumbu za mama. Kwa hiyo bibi mwenye mvi anakaa, macho yake yanakwenda mbali, na tunamwona yeye mwenyewe, uso uleule, akiwa na miaka ishirini na kitu, mikononi mwa kijana ambaye kweli ndiye yule mzee. Hakuna aliyewapaka rangi usoni ili waonekane vijana. Miaka karibu hamsini imewatendea yenyewe. Mama amesahau jiko, ila hilo hajalisahau.

Sina hakika kama mtu anaweza kumwomba mama yake radhi kwa namna iliyo kamili kuliko hiyo.

Nimekula muda wenu. Mwisho wa filamu ya leo siusemi. Nawaomba jambo moja: zitazameni zile raba. Zitazameni zinaponunuliwa, ziangalieni njiani, na mfikapo Hornstrandir muangalie miguu ya mzee.

Tafadhali, aliye karibu na swichi atuzimie taa.