Ufito ukigongwa: lini momenta inahifadhiwa?

Karibuni, vijana wa kidato cha tano na sita. Leo tuko Dodoma, na mezani nina ufito wa mbao wa mita 1, tungamo lake kilo 0.6. Ncha moja nimeifunga kwa bawaba, hivyo ufito unazunguka kama mlango. Tutarusha donge la udongo wa mfinyanzi, gramu 100, kwa kasi ya mita 6 kwa sekunde, ligonge ncha ya pili kwa pembe mraba na kunata.

Kabla ya fomula yoyote, tafuta nani anasukuma kutoka nje. Ni bawaba! Kwa hiyo momenta ya mstari mnyoofu, yaani tungamo mara kasi, iache kwanza. Hesabu momenta ya mzunguko ukianzia kwenye bawaba, maana hapo kani yake haina uwezo wa kuzungusha.

Kabla ya mgongano ni tungamo mara kasi mara umbali kutoka kwenye bawaba: 0.1 × 6 × 1, yaani 0.6. Inesha ya ufito, yaani ukaidi wake wa kuzungushwa, ni theluthi ya tungamo mara urefu kipeo cha pili, 0.2, donge linaongeza 0.1. Gawanya 0.6 kwa 0.3: radiani 2 kwa sekunde.

Sasa tazameni hapa vizuri. Momenta ya mstari ilikuwa 0.6. Baada ya kugongana, katikati ya ufito panakwenda mita 1 kwa sekunde: 0.6. Donge linakwenda mita 2: 0.2. Jumla 0.8! Imeongezeka, na hiyo 0.2 imetolewa na bawaba, iliyousukuma ufito mbele ncha yake ilipotaka kurudi nyuma. Piga theluthi mbili za urefu kutoka kwenye bawaba, nayo haisukumi kabisa. Piga karibu zaidi ya hapo, inasukuma kinyume. Napenda sana sehemu hii.

Hatua ya mwisho: fungua bawaba, laza ufito juu ya kioo laini, piga nchani tena. Sasa momenta zote mbili zinahifadhiwa. Kitovu cha tungamo kinakwenda 0.6 gawanya kwa 0.7, kama mita 0.86 kwa sekunde. Angalia: kitovu hakipo tena katikati ya ufito, kimesogea sentimita 7 kuelekea donge. Ukihesabu ukianzia kwenye kitovu hicho, momenta ya mzunguko ni 0.257 na inesha 0.0714. Ufito unazunguka kwa radiani 3.6 kwa sekunde, haraka kuliko ulipofungwa.