Mtoto aliyerudi hospitali mara 19

Haya tuanze somo letu la watoto wanaozaliwa na kasoro kwenye kinga ya mwili, maana muda wenyewe hautoshi. Sianzi na michoro ya seli leo, naanza na mtoto. Mwaka 1952 daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, alikuwa na mgonjwa wa miaka 8 ambaye bakteria walishamwingia kwenye damu mara 19 ndani ya miaka kama 4 hivi, anatibiwa anapona anarudi, anatibiwa anapona anarudi. Wakapima protini za damu kwa kipimo kilichokuwa kigeni bado, kinachora vilima vilima, na kile kilima cha mwisho, cha kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na vijidudu, hakipo. Flati kabisa! Bruton akawa anamchoma kila mwezi kingamwili zilizotolewa kwenye damu za watu wengine, mtoto akatulia.

Sasa hapa ndo panaponoga. Watoto wa aina hii wakipata surua wengi wanapona kama wenzao tu, sasa kama kingamwili hawana hivyo virusi kavitoa nani? Kumbe kuna kikosi kingine, seli T, aina ya seli nyeupe za damu zinazopevukia kwenye tezi ya thaimasi pale kifuani juu ya moyo, na anayezaliwa bila tezi hiyo kabisa, virusi na fangasi ndo vinavyomwandama. Jeni lililoharibika kwa wagonjwa wa Bruton lilikuja kupatikana 1993, liko kwenye kromosomu X, ndo maana karibu wote ni wavulana, mama kalibeba tu na wala haumwi.

Halafu kuna hawa wengine. Seli nyeupe wanazo tele, zinakimbilia kidonda, zinameza bakteria vizuri tu ila haziui, yaani mdudu kamezwa na bado anadunda humohumo ndani, kisa kimeng'enya cha kutengeneza sumu ya oksijeni hakifanyi kazi. Damu yao ukiichanganya na rangi fulani ya njano, seli zinabaki vilevile, wakati za mtu mwenye afya zinageuka bluu nzito kama wino.

Naona mkono kule nyuma... BCG, ile ya kifua kikuu, watoto hawa wachomwe? Swali zuri hilo. Ile chanjo ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa, mtoto aliyezaliwa bila seli T vinamsambaa mwili mzima. Kwa hiyo mama akikwambia wavulana wake wawili walifariki wachanga kwa maambukizi, huyu wa tatu usimchome kwanza, pima damu uhesabu limfosaiti, lile kundi la seli nyeupe ambamo seli T zimo, zikiwa chache mno mpeleke kwa mtaalamu siku hiyohiyo.